Anasema Anaomba Maji

Siku ya kwanza ya masomo yake ya masta, Nawoi Atiir alihudhuria darasa akiwa ndani ya gari la kazi huko Kakuma, mlango wazi, mguu mmoja nje. Sikio la kushoto lilikuwa na mwalimu wa Nairobi, aliyekuwa akieleza filamu za habari zilivyoanza. Sikio la kulia lilikuwa na watu mia tatu na zaidi waliopanga foleni ya mtama. Kamera ya ofisi ilikuwa mapajani, simu imeegemezwa kwenye usukani, na jua la saa nne lilishaanza kuichemsha.

"Nawoi, uko nasi?" mwalimu akauliza.

"Niko, Daktari."

"Tunasikia kelele kwako."

"Ni magunia. Wanashusha."

Wenzake kumi na mmoja wakacheka, kila mmoja kwenye kidirisha chake. Wengi walikuwa vijana wa Nairobi wenye rafu za vitabu nyuma yao. Nawoi naye akacheka kidogo, akazima sauti, akashuka kupiga picha za mtama kabla foleni haijaisha. Aliporudi, mwalimu alikuwa ameshamaliza sura nzima.

Wakati huo alikuwa na miaka thelathini na minne. Alikuwa msaidizi wa mawasiliano katika shirika moja la misaada: alipiga picha, akaandika habari fupi za kupelekwa kwa wafadhili, na wageni wenye kamera walipokuja kutoka ng'ambo, yeye ndiye aliyewatafsiria maneno ya Waturkana. Kazi hiyo aliifanya miaka minane bila kupanda hata ngazi moja. Kila baada ya mwaka au miwili aliletwa kijana kutoka Nairobi mwenye shahada ya pili. Nawoi alimwonyesha choo kilipo, akamfundisha kusema ejok, salamu ya Kiturkana, na wiki iliyofuata kijana huyohuyo ndiye aliyemtilia sahihi fomu yake ya likizo. Wa tatu alipokuja, Nawoi alikwenda zake Lodwar mwisho wa wiki, akamwambia mama yake, "Nami nitasoma hiyo masta yao."

Mama yake, ambaye ndiye aliyemlea Akaale, mtoto wa Nawoi, pale mtaa wa Napetet, alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Utasoma saa ngapi?" akauliza.

Swali hilo Nawoi hakupata kulijibu hata mara moja katika miaka mitatu iliyofuata. Jumatatu hadi Ijumaa alikuwa Kakuma kazini. Jumamosi ilikuwa ya darasa, popote alipokuwa na mtandao: ofisini, ndani ya gari, mara moja hata nyuma ya kanisa ambako arusi ilikuwa ikiendelea. Jioni yake alipanda gari kwenda Lodwar, Jumapili akamfulia mtoto na kumsaidia hesabu, na Jumatatu kabla ya jua alikuwa barabarani tena. Uchovu wake haukuwa ule wa mtu kulala ukaisha. Ulikuwa umehamia ndani yake na vyombo vyake vyote. Alisinzia akipiga mswaki. Siku moja Akaale alimuuliza jambo la shule, naye akamjibu kwa sauti ya kikazi, "Asante kwa swali lako," na mtoto akamtazama kama anayemtazama mgeni.

Mwaka wa pili ulipofika, ilibidi kila mmoja atengeneze filamu yake na kuiandikia tasnifu. Msimamizi wake, Daktari Nyakio, alikuwa mwanamke wa maneno machache. Nawoi alimpelekea wazo la kwanza, kuhusu ukame na vyombo vya habari. Likarudi. Akampelekea la pili, kuhusu wanawake na ukame. Likarudi pia.

"Haya yameshaandikwa na kila mtu aliyewahi kupita huko na kamera," Daktari Nyakio alimwambia kwa simu. "Wewe una nini ambacho wao hawana?"

Nawoi alifikiri. "Sina kitu, Daktari. Labda picha zao za zamani. Zimenijazia kabati ofisini."

"Basi anza na kabati."

Ikatokea kwamba mwezi huohuo bosi wake, Morgan, aliwapa kazi ya kupanga zile picha upya, yeye na Jean. Jean alikuwa mhariri wa picha wa ofisi, Mkongomani aliyeletwa kambini Kakuma kama mkimbizi akiwa na miaka tisa, na kazi hiyo alijifunza mwenyewe kwenye kompyuta ya mjomba wake. Hakujua Kiturkana hata neno, zaidi ya salamu. Walikaa ofisini wiki mbili, feni ikizunguka juu yao bila faida, wakifungua diski moja baada ya nyingine na kuandika kilichomo: nani, wapi, mwaka gani.

Diski ya Lorugum, magharibi ya Lodwar, ilikuwa ya mwaka 2017, mwaka wa ukame mkali. Jean aliifungua asubuhi moja, na kwenye kioo akatokea mwanamke wa makamo amekaa mbele ya boma, shanga zimemjaa shingoni hadi kidevuni, akizungumza huku akinyoosha mkono kuelekea mbali. Chini ya picha, sauti zilijichora kama zinavyojichora kwenye mashine za kuhariri: vilima na mabonde. Jean akaisimamisha.

"Dada Nawoi, angalia hapa," akasema. "Huyu mama anasema mingi, mingi, karibu dakika mbili. Kisha sauti yako inaingia, kadogo hivi, sekunde tatu. Bingine biko wapi, maneno ya mama?"

Nawoi alikuwa akiandika lebo. Akainua macho. Kwenye kioo, kilima cha yule mama kilikuwa kirefu kama safu ya milima. Chake yeye kilikuwa kichuguu.

"Rudisha nyuma," akasema.

Jean akarudisha. Ikasikika sauti ya mgeni akiuliza mama anahitaji nini zaidi ya vyote. Nawoi wa wakati huo akaligeuza swali kwa Kiturkana. Na yule mama, ambaye jina lake liliandikwa kwenye lebo kuwa Akuwam, akajibu hivi:

"Mwambie huyu, mwaka jana walikuja wengine wakaniuliza hilohilo. Je, walipotea njiani? Haya, nasikia mnataka kuchimba kisima pale uwanjani karibu na shule. Msichimbe pale. Baba wa mume wangu alichimba pale, mbuzi wakaharisha wakafa; maji ya pale ni chumvi. Chimbeni kule kwenye laga, ule mto mkavu, inapopinda, penye miti mitatu ya mikoma. Mvua ikinyesha, maji yake hukaa karibu hata mkono unayafikia. Waulizeni wachungaji, si mimi tu. Na kabla hajaniuliza lingine, mwambie ampe huyu msichana maji anywe. Tangu wamefika anasema tu yeye, midomo yake imepasuka."

Kisha ikaja sauti ya Nawoi, kavu, ya haraka, akiwaambia wageni: "Anasema anaomba maji."

Wageni wakaguna kwa huruma. Picha ikakatika.

Jean alimtazama Nawoi. "Alisema nini?"

Nawoi aliweka kalamu chini. Alikuwa akikumbuka kwamba kisima kilichimbwa, na kilichimbwa uwanjani karibu na shule. Picha za uzinduzi alizipiga yeye mwenyewe: utepe, ngoma, mkuu mmoja akinywa kikombe cha kwanza na kukunja uso ambao wote walijifanya hawakuuona. Mwaka mmoja baadaye, akipita kwenda milima ya Loima, aliiona pampu imefungwa mnyororo, mkono wake umeota kutu. Wakati ule alijiambia ni mambo ya vipuri.

Akamweleza Jean neno kwa neno. Alipofika kwenye habari ya msichana na midomo iliyopasuka, akatoka nje, akasimama kwenye kivuli cha tangi mpaka alipoona anaweza kurudi.

Alimwendea Morgan na kumwomba ruhusa ya kutumia picha zile kwenye filamu yake. Morgan hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akajisugua macho. Naye alikuwa amechoka. Familia yake ilikuwa Kakamega, na aliiona mara nne kwa mwaka.

"Nawoi, ningekuwa wewe ningetaka hivyohivyo," alisema. "Lakini picha ni mali ya shirika, na kisima kile kimeandikwa kwenye ripoti kwamba kilifaulu. Nikitia sahihi, kesho utakuwa na bosi mpya, na hatakusaidia kuliko mimi."

Nawoi akampigia Daktari Nyakio kumwambia kwamba filamu imekufa.

"Picha huna. Una nini?"

"Nina maneno yake. Niliyaandika kwenye daftari. Na mwenyewe yuko hai, nafikiri."

"Basi mwendee."

Kumwendea kulichukua miezi mitano. Kwanza likizo ilikataliwa kwa sababu ya wageni. Kisha mama yake akaugua malaria, akalazwa siku sita, na Nawoi akaahirisha muhula mzima. Barua ya chuo ya kukubali kuahirisha ilimfikia akiwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda cha hospitali, na alichohisi kilikuwa raha, raha ya mtu aliyeambiwa mzigo utasubiri. Kidogo asirudi tena. Ni mama yake aliyemuuliza, siku ya kutoka hospitalini, "Ile kazi ya yule mama wa Lorugum umeimaliza?" Kumbe katika zile siku sita Nawoi alikuwa amemsimulia yote akidhani mama amelala.

Nawoi alikwenda Lorugum peke yake. Jean alitaka sana kuja, lakini mkimbizi hatoki kambini bila karatasi ya ruhusa, na karatasi ilichukua muda mrefu kuliko likizo ya Nawoi. Alipanda pikapu kutoka Lodwar akiwa na kamera ya kuazima na stendi yake ya miguu mitatu imefungwa kwa kanga. Boma la Akuwam alilipata kwa kuuliza. Mama alikuwa amezeeka kuliko miaka iliyopita. Alikuwa kivulini akisuka kikapu cha majani ya mkoma.

"Ejok, mama."

"Ejok nooi." Akamwangalia, akaiangalia kamera. "Nikae wapi? Wenzako hupenda pale mbele ya uzio ulioanguka. Mmoja aliniomba nimshike mbuzi aliyekonda."

"Kaa hapohapo ulipo, mama. Endelea kusuka."

Nawoi alisimamisha kamera, akaiwasha, akaketi chini karibu naye, ndani ya picha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akamweleza aliyekuja kufanya, akafungua daftari, akamsomea maneno yake mwenyewe ya mwaka ule.

Akuwam alisikiliza kama mtu anayesikiliza kesi. Mara akamkatiza. "Si mikoma mitatu, ni minne. Mmoja ulikuwa umeinama, labda sikuuhesabu." Akasuka kidogo. "Na habari ya mbuzi ni kweli. Kumi na tisa walikufa." Nawoi alipofika mahali pa msichana na midomo, mama akacheka. "Nilisema hivyo? Alikuwa mwembamba, kweli, kama kijiti cha kupekechea moto." Akageuka, akamtazama Nawoi vizuri kwa mara ya kwanza. "Ni wewe."

"Ni mimi."

"Na wao, uliwaambia nini?"

Nawoi alikuwa amelijua swali hilo tangu Lodwar. "Niliwaambia, 'Anasema anaomba maji.'"

"Halafu?"

"Basi. Hayo tu."

Vidole vya Akuwam vikasimama kwenye kikapu. Kuku akapita kati yao. Mbali kidogo mtu alikuwa akikata kuni.

"Miaka yote hii," mama akasema polepole, "nimekuwa nikiwalaani wale watu. Kila nikipita kwenye ile pampu natema mate. Nasema, walinisikia kwa masikio yao, wakanidharau." Akatikisa kichwa. "Kumbe hawakusikia. Nimewalaani bure."

Nawoi aliunyoosha mkono kuizima kamera.

"Usizime," Akuwam akasema. "Aibu ikiwa yangu, hamzimi."

Kamera ikaendelea. Mama hakumtukana, wala hakumwambia amemsamehe. Alisuka kimya mistari mitatu, kisha akamwambia aende akaone laga inapopinda, maana ni yeye tu aliyekuwa hajaiona. Wakaenda wote wawili, Nawoi akibeba kamera begani. Mikoma ilikuwa minne. Chini yake wanawake walikuwa wamechimba shimo kwa mikono, na mmoja alikuwa ndani yake mpaka mabegani, akichota kwa kibuyu na kumpa mwenzake aliye juu. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo. Nawoi akaonja. Hayakuwa na chumvi.

Kuhariri kulikuwa kazi ya punda. Jean alikaa naye kila saa ya chakula cha mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa miezi miwili. Nawoi alitaka kukata mahali ambapo mama anakaa kimya, kwa sababu palikuwa parefu mno na hakuweza kuvumilia uso wake mwenyewe. Jean akakataa.

"Dada, mara ya kwanza ulikata. Utakata tena?"

Hakukata. Filamu ikatoka dakika ishirini na sita. Tasnifu aliiandika kwa vipande: ukurasa kliniki akisubiri dawa za mama, ukurasa kwenye karakana gari likibadilishwa tairi. Ilikuwa na makosa mengi na aliyajua, lakini alikuwa amefika mahali ambapo mtu haulizi tena kama kitu ni kizuri, anauliza tu kama kimekwisha.

Kuitetea alisafiri hadi Nairobi kwa basi, kupitia Kitale, akafika na miguu iliyovimba. Watahini walikuwa watatu, na Daktari Nyakio pembeni. Wawili waliuliza kuhusu nadharia, naye akajibu kama alivyokariri. Wa tatu, mzee mmoja aliyekuwa amenyamaza muda wote, akauliza, "Mimi nina moja tu. Kwa nini ulifupisha?"

Nawoi alikuwa na jibu la kurasa kumi na nne katika sura ya pili: nguvu, lugha, uchumi wa misaada. Alifungua mdomo kulitoa, likakosekana.

"Nilikuwa nimechoka," akasema.

Wakasubiri.

"Alikuwa mtu wa saba siku ile. Ndege ya wageni ilikuwa Lodwar ikiwasubiri. Sikuwa nimekunywa maji tangu asubuhi. Nilielewa kila alichosema. Nilichagua kilicho kifupi." Akatazama mikono yake. "Sijui kama hiyo ni nadharia."

Mzee akaandika kitu. Hakuna aliyecheka. Walimtoa nje dakika ishirini, wakamwita, wakamwambia amepita, kwa sharti la masahihisho thelathini na moja, mengi yao ya alama za uandishi. Daktari Nyakio alimpa mkono mlangoni. "Nenda kalale," akamwambia.

Aliyarekebisha yote kwa wiki tatu. Kisha akafanya jambo ambalo halikuwa sharti la mtu yeyote: akaandika barua ya kurasa mbili kuhusu kisima cha karibu na shule na ile laga, akampa Morgan. Morgan akaiweka mezani siku nne. Ya tano akaipeleka kwa wahusika wa maji, pamoja na barua yake mwenyewe, jambo ambalo Nawoi hakulitarajia. Mhandisi mmoja alikwenda Lorugum na chupa, akachota maji ya kwenye mikoma, akaandika, akaondoka. Mwaka ukaisha jibu halijaja.

Filamu alimpelekea Akuwam kwenye kompyuta. Mama alitazama kama dakika kumi, akasimama.

"Haijaisha, mama."

"Naijua. Nilikuwepo." Akachukua fimbo yake, akaenda kunywesha mbuzi.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata walikuja wageni wengine wenye kamera. Kabla hawajaanza Nawoi aliwaambia kwamba anatafsiri yote, kwa hiyo wapange watu watatu kwa siku, si saba, na watu hao wapewe maji, na yeye pia. Wakakubali kwa adabu. Mzee wa kwanza alizungumza nusu saa, pamoja na matusi, na Nawoi akayafikisha matusi yote. Jioni kiongozi wao alikwenda kwa Morgan kuuliza kama yupo mkalimani mwingine. Alikuwepo, kijana mwepesi wa Nakalale, Kiingereza chake kizuri. Tangu hapo wageni wengi hupelekwa kwake. Nawoi alimwita kijana huyo siku moja, akamwonyesha ile filamu. Aliitazama yote, akashukuru, na Nawoi hakujua imemfanyia nini.

Kwenye mahafali hakwenda. Juma hilo kulikuwa na ugawaji wa chakula na hakuna wa kumshikia. Cheti kilikuja na basi, ndani ya bahasha ya kaki, akakichukua stendi ya Lodwar Jumapili asubuhi baada ya ibada. Akaale alikisoma kwa sauti nyumbani, akijikwaa kwenye Kilatini cha nembo. Bibi yake akauliza kama wamempandisha Nawoi cheo.

"Bado, mama. Wanasema nafasi ikitokea."

Mama yake alikichukua, akakigeuza nyuma kuona kama kuna maandishi zaidi, akakiweka ndani ya sanduku la bati pamoja na kadi za kliniki za Akaale na hati ya kiwanja, juu kabisa, mchwa wasikifikie. Akafunga sanduku, akaenda kuchochea moto. Nawoi alikuwa ameshavua viatu. Alijinyoosha kwenye mkeka pale barazani, saa sita ya mchana, redio ya jirani ikiimba, na hakuna aliyemwamsha.